Tuisheni ya fasihi: mwalimu safi kabisa, ofisi imenivunja moyo

Nianze na mwalimu maana yule hana kosa. Binti yangu yuko fomu foo, fasihi alikuwa anakariri dhamira kutoka kwenye mwongozo kama mtu anayekariri namba za simu, ukimuuliza hiyo hoja umeiona wapi kwenye kitabu anakutolea macho tu. Likizo nikampeleka tuisheni moja hapa Dar. Yule mwalimu hamalizi kitabu kimoja ndo aende kingine, anaandika neno moja ubaoni, siku hiyo lilikuwa UMASKINI, halafu analifuata kila mahali: kwenye riwaya ya Watoto wa Mama Ntilie unakaa na wale watoto Peter na Zita kurasa na kurasa mpaka njaa yao unaijua, ukija kwenye Wasakatonge shairi linakuchoma kwa beti chache tu, na kwenye tamthiliya hamna msimulizi wa kukuelezea, dhiki unaisikia midomoni mwa wahusika wenyewe. Mtoto karudi ananisimulia mpaka ugali umepoa. Siku ile ningewapa nyota zote.

Sasa sikilizeni. Siku kama mbili baadaye, wako palepale Peter na Zita wanapofukuzwa shule kisa ada, dada wa ofisini akaingia na daftari lake akasoma majina kwa sauti, wanaodaiwa watoke nje! Binti yangu alikuwa anadaiwa elfu tano. Elfu tano jamani, na tulishakubaliana namalizia Ijumaa. Katolewa mbele ya wenzake, kakaa kwenye ngazi karibu saa nzima na daftari mapajani. Napiga simu, wala shikamoo, ananiambia "mama hapa hatutoi sadaka". Nilitetemeka. Yaani unamfundisha mtoto kumwonea uchungu Zita halafu unamfanya Zita mchana kweupe! Na mwalimu alisimama na chaki mkononi kimya, hilo nalo linaniuma, ingawa najua naye kaajiriwa na ana watoto wake.

Nikaapa harudi pale. Hela nikaituma jioni ileile, ya kukopa, ili tu wasitutaje tena.

Ila kiukweli moko, ule mtihani wa majaribio, imekuja juzijuzi, swali la riwaya katoa hoja tatu kwa kila kitabu, mifano yote ya kwake, hakuna sentensi ya mwongozo hata moja. Nimeisoma ile karatasi mara mbili. Kwa hiyo mkitaka mtoto aielewe fasihi mpelekeni, lipeni yote siku ya kwanza na mdai risiti. Hapana, msimpeleke, mtoto akidhalilishwa vile hiyo fasihi ataipenda kwa moyo gani? Sijui jamani. Mwenyewe anataka kurudi, anasema wameingia kwenye MALEZI na wanaanza na tamthiliya ya Kilio Chetu. Nimemwambia asubiri. Yule dada amwombe radhi kwanza, amwombe yeye, siyo mimi.