Sabuni za ukeni na kapsuli za bakteria kwenye maduka ya dawa Mwanjelwa: zinafaa hela yako?

Sabuni za maji za ukeni zimejaa kwenye maduka ya dawa Mwanjelwa na Kabwe, Mbeya, na nyingi zinaahidi mambo mawili: kukata harufu na kurekebisha pH, yaani kiwango cha asidi. Harufu zinaikata kwa saa chache tu. pH haziwezi kuirekebisha, kwa sababu ya jinsi bakteria wa ukeni wanavyolishana.

Uke wenye afya mara nyingi hukaliwa na laktobasili, hasa Lactobacillus crispatus. Hula sukari inayotokana na glikojeni ya seli za uke, kisha hutoa asidi ya laktiki inayoshikilia pH kati ya 3.8 na 4.5. Wakipungua, ushirika wa bakteria wengine hushika nafasi, na hali hiyo huitwa bacterial vaginosis (BV). Prevotella bivia hutoa amonia, na Gardnerella huitumia kukua. Gardnerella naye huachia amino asidi, Prevotella anazila na kutoa amonia zaidi. Juu ya hapo Gardnerella hujenga utando mzito kwenye ukuta wa uke, na wengine kama Fannyhessea vaginae hujibanza humo. Povu haliuvunji utando huo. Linachoondoa ni asidi na ute, yaani ulinzi wenyewe.

Ile shombo hutokana na kemikali ziitwazo amini, nazo hupaa zaidi penye alkali. Ndiyo maana huzidi baada ya tendo la ndoa, kwa kuwa shahawa zina alkali, na baada ya kujiosha ndani kwa sabuni ya mche. Ukinunua sabuni ya maji, chagua isiyo na manukato na uoshe nje tu. Bomba la kuingiza maji ndani likiwemo kwenye boksi, litupe. Shabu na ndimu visiingie kabisa. Sabuni naipa 1 kati ya 5.

Kapsuli zina hoja kidogo. Geuza kopo usome jina la pili la bakteria: mara nyingi utakuta acidophilus au rhamnosus, ambao si wakazi wakuu wa uke. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2020 lilitumia crispatus aliyewekwa ukeni kwa wiki 11, baada ya wanawake wenye BV kutibiwa kwanza kwa antibiotiki ya metronidazole. Kufikia wiki ya 12 tatizo lilirudi kwa 30%, dhidi ya 45% ya waliopewa kifananishi, yaani dawa bandia isiyo na bakteria. Kopo lisilo na crispatus lisijivunie matokeo hayo. Mtindi wa Rungwe unywe, usiupake. Kapsuli: 2.

Dada, hela hiyo ipeleke maabara. Wengi hununua clotrimazole wakidhani ni fangasi, na dawa ya fangasi haiwagusi Gardnerella. Mtaalamu atapima pH, ataangalia ute kwa hadubini na kujaribu harufu kwa tone la potasi. BV ikithibitika, dawa ya kawaida ni metronidazole mg 500 mara mbili kwa siku, siku 7. Wanaoishia siku ya 3 kwa kuwa harufu imekata huacha utando ukiwa hai. Muulize daktari kuhusu mwenzi wako pia: jaribio la Australia la mwaka 2025 liliwatibu wanaume wa wanawake wenye BV kwa vidonge na krimu ya kupaka, na marudio ndani ya wiki 12 yakawa 35% badala ya 63%.

Mjamzito asipite dukani kabisa, aende kliniki, kwa sababu BV inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati.