Mara ya kwanza kwa mshauri nasaha hapa Mwanza, nawapa nyota 4

Aisee mi niliogopa kweli, usiku kucha najipangia maneno utafikiri kesho naenda intavyuu, mwishowe nikayaandika kwenye simu: usingizi umekata, moyo unaenda mbio nikiwa ndani ya daladala, na ile hasira ya kumfokea mtoto bila sababu. Hiyo noti ndo iliniokoa manake nilivyokaa tu kwenye kiti maneno yote yakaniruka, ikabidi nimsomee kama risala. Ofisi ipo upande wa Capri Point, kachumba kadogo ghorofani, dirishani unaliona ziwa, na yule dada alinisogezea boksi la tishu mapema kabisa (nikajisemea mi silii hapa, dakika kumi hazikufika).

Alianza kwa kunieleza kwamba ninayosema yanabaki humo humo, isipokuwa akiona nataka kujidhuru au kumdhuru mtu, hafu akanipa fomu ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, usingizi, hamu ya kula, vitu hivyo, unajipa kuanzia 0 mpaka 3. Siyo mtihani jamani, msidanganye kama mi nilivyoanza kujaza sifuri sifuri tu.

Kilichoniudhi, niliambiwa saa nne nikaitwa saa tano kasoro, na benchi la kusubiria lipo mlangoni kabisa, si akapita jirani yangu wa Igoma, "we shoga unaumwa nini?" nikamwambia macho. Na bei waseme mapema basi, mi niliijulia dirishani kwenye malipo. Alhamisi narudi lakini.