Ndago za Asili za Kufunika Udongo Mkavu: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mkulima aliyewahi kung'oa ndago shambani atashangaa kusikia kwamba nchini Marekani kuna watu wanaozinunua. Zinazouzwa kwa ajili ya bustani, hata hivyo, ni za jenasi ya Carex, nazo hazina vile viazi vidogo vinavyoifanya ndago ya shambani, Cyperus rotundus, ikatae kwisha.

Kwa bustani za mashariki ya nchi hiyo, hasa chini ya miti mikubwa ambako mizizi hunyonya maji na nyasi za kawaida hudhoofika, naiweka Carex pensylvanica nafasi ya kwanza. Hufikia kimo cha sentimita 15 hadi 30, majani yake membamba hujilaza yenyewe, na kwa kuwa mashina yake hutambaa taratibu chini ya ardhi, mapengo huzibika bila mtu kupanda upya. Majaribio ya Mt. Cuba Center, bustani ya mimea ya asili katika jimbo la Delaware, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2022 baada ya kulinganishwa aina 70, yaliipa ushindi Carex woodii. Sina ugomvi na hukumu hiyo, ila hapa ukavu ndio kipimo changu cha kwanza, kwa hiyo naipa nafasi ya pili. Ya tatu ni Carex eburnea, yenye majani kama nyuzi na inayostahimili udongo mkavu wenye chokaa. Huenea polepole mno, basi inafaa eneo dogo.

Upande wa magharibi mpangilio hubadilika. Huko ningechagua Carex praegracilis, inayovumilia jua, kukanyagwa na kufyekwa, mradi iwekewe kizuizi, kwani hutambaa kwa nguvu. Mnunuzi wa Carex tumulicola ndiye anayepaswa kuwa macho zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi vitalu viliuza kwa jina hilo Carex divulsa, mmea wa Ulaya ambao hujipanda wenyewe kwa mbegu. Aulize basi mbegu mama ilikusanywa wapi, na jibu likiwa la kusitasita, aende kitalu kingine. Carex muskingumensis, ingawa hupendeza machoni, ni ya sehemu zenye unyevu.

Mbegu za Carex pensylvanica huota kwa shida, kwa hiyo pesa iende kwenye miche. Miche midogo ya trei naiona bora kuliko ile mikubwa ya vyungu, maana ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 25 huhitajika 16 kwa kila mita ya mraba, na hesabu ya vyungu hupanda haraka. Chomoa mche mmoja kabla ya kulipa: mizizi ishikilie udongo bila kujizungusha. Bajeti iwe na maji ya msimu mzima wa kwanza, kwa kuwa hata ndago ya ukame haianzi kustahimili ukame kabla mizizi yake haijashika.