Mashine ya kupiga picha panya hai: kamera safi, pete ya kichujio balaa

Niseme mapema: kamera yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pete inayoshika kichujio mbele ya lenzi, na fundi aliyeniambia, "Dada, mashine haina shida, panya wako ndiye anayewaka."

Panya hakuwa amechomwa sindano ya rangi yoyote!

Leza ya nanomita 785 (urefu wa wimbi la mwanga wake) ikigonga ngozi, mwanga unaorudi unaizidi mbali sana ile nuru hafifu ya ICG (rangi ya sindano inayowaka ikipigwa na leza) iliyo ndani. Kichujio kinapaswa kuuzuia wote, kipitishe kuanzia nanomita 820. Pete ikilegea, mwanga huo unapenya ubavuni mwa kioo, na mwili mzima unang'aa kama uvimbe umeenea kila mahali. Usibishane na fundi. Weka bamba la alumini lililosuguliwa kwa msasa, zima taa za chumba, washa leza. Alumini haina cha kuwaka; ukiona mng'ao, zima leza. Ukitoweka, ni leza inavuja. Ukibaki, tafuta taa iliyosahaulika au mlango usiofunga vizuri.

Haya, nusu ya maneno ya fundi ni kweli, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Chakula chenye alfaalfa kina klorofili, na tumbo la panya huwaka kwa sababu yake, hasa karibu na nanomita 700. Ukifika 820 kunapungua, hakuishi. Wape chakula kisicho na alfaalfa kwa wiki nzima kabla ya picha. Manyoya yatoe kwa krimu, uioshe vizuri. Ikikaa sana inaunguza ngozi, na ngozi iliyoungua nayo inaharibu picha. ICG iyeyushe kwa maji ya sindano, si ya chumvi, maana kwenye chumvi inagandana. Ifunike isipigwe na mwanga, uitumie ndani ya saa 6. Ini linaivuta ndani ya dakika chache na kuimwaga kwenye utumbo, kwa hiyo tumbo linalowaka baadaye si lazima liwe chakula.

Nilitaka kuandika "msinunue". Nafuta. Mishipa iliyo chini ya ngozi inaonekana vizuri kweli. Kupita sentimita moja usitegemee umbo, ni ukungu tu. Lakini bei ile, halafu pete nikaze mwenyewe kwa mkanda mweusi? Nyota mbili. Moja ni ya kamera, nyingine ya mkanda.