Auvers ya Cézanne au Auvers ya Van Gogh?

Kijiji ni kilekile, Auvers-sur-Oise, kaskazini ya Paris, na picha zote mbili, moja ya mchoraji Cézanne na nyingine ya mchoraji Van Gogh, ziko Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la Paris, lakini ukiziweka pamoja utadhani ni nchi mbili tofauti kabisa.

Ya Cézanne ni ya 1873, inaitwa Nyumba ya Mtu Aliyenyongwa (jina la kutisha bure tu, hakuna aliyenyongwa humo). Njia inateremka katikati, kuta nyeupe zimeparara, miti haina majani, na rangi kaipaka nzito mpaka ukuta unaonekana una mchanga kweli, ukisogea karibu unatamani kuukwaruza kwa kucha. Kimya, hakuna mtu hata mmoja. Aliipeleka kwenye maonyesho ya kwanza ya waimpreshonisti (wachoraji waliotaka kunasa mwanga wa papo hapo) 1874, watu wakamcheka sana, ila hii ilipata mnunuzi.

Sasa ya Van Gogh, 1890, nyumba za paa la nyasi pale Cordeville, mtaa wa Auvers, hapo hakuna kilichotulia jamani. Paa linapinda kama mgongo wa ng'ombe mzee, miti inajisokota kama moshi, kilima nacho kinapanda juu utadhani kinataka kuondoka na nyumba zake, na ukikumbuka Van Gogh alikaa Auvers siku kama 70 tu kabla hajafa Julai, unaiangalia kwa jicho lingine.

Ni kubwa pia, sentimita 73 kwa 92, ya mwenzake 55 kwa 66.

Mimi sebuleni naweka ya Cézanne. Ile nyingine naipenda, lakini kulala nayo chumba kimoja, hapana.