Nyumba za wazee za Section 202 huku Marekani: kodi safi, foleni ndo balaa

Naandika hii kwa wenye wazazi huku Marekani, maana kila nikienda msibani au kwenye sherehe lazima mtu aniulize mama anakaa wapi na analipa ngapi. Mama anakaa kwenye jengo la wazee la shirika lisilotafuta faida, la kanisa ila dini hawaulizi, humo kuna Wasomali, Wachina, Wazungu, wote tu.

Mpango unaitwa Section 202, upo tangu 1959. Mwanzoni mashirika yalikuwa yanakopeshwa, siku hizi serikali kupitia HUD, yaani wizara yake ya nyumba, inatoa hela ya kujenga na shirika haliirudishi ilimradi kwa miaka 40 liwapangishe wazee wa kipato kidogo. Ndo maana kwenye nyumba za namna hii hukosi kanisa au masista nyuma yake, hata Mercy Housing lilianzishwa na masista wa Kikatoliki kule Omaha 1981.

Kodi sasa, hapo ndo raha. Unalipa asilimia 30 ya kipato baada ya makato, basi. Mzee anayepata dola 900 kwa mwezi hazidi 270, na kama dawa na hospitali zinamla hela nyingi wanapunguza tena. Kwa hela hiyo mtaani hapa hupati hata gereji aise.

Ndani kuna chumba, sebule, jiko, na bafu lina vyuma vya kushikilia na kamba ya kuvuta ukianguka. Halafu kuna dada wa ofisini kazi yake ni kuwasaidia wazee, fomu, usafiri wa hospitali, barua za bima, yaani mama Kiingereza chake cha kuokoteza lakini kwa yule dada anapiga stori mpaka chai inapoa. Yeye peke yake ni nyota nzima.

Foleni ndo inaua. Lazima mzee awe na miaka 62, na kila jengo lina listi yake, hamna listi moja ya nchi nzima, unaweza kusubiri miaka. Katikati wanatuma barua kuuliza kama bado unataka nyumba, usipojibu wanakufuta, na sisi tunavyohamahama barua inaishia kwa mpangaji mwingine. Ombeni majengo mengi kwa mpigo, na mkihama wapeni anwani mpya wote.

Kingine ambacho wengi hawajui, ile hela mnayompa mama kila mwezi inahesabiwa kipato, hata mkimlipia umeme kila mwezi nayo inaingia humo, na kuficha ni kosa. Ila vyakula tunavyomletea, kwenye jengo letu havihesabiwi, kwa hiyo sisi tunajaza tu unga, mchele na samaki. Hela ambayo mama anamtumia shangazi nyumbani, hiyo hawaitoi kwenye kipato chake.

Wajukuu kuhamia hapo sahau. Mgeni analala kwa siku zilizoandikwa kwenye mkataba, na mama aliyezoea nyumba ya watu kumi mwanzoni alisema tumempeleka bweni. Kama mzee anahitaji mtu wa kukaa naye amhudumie, daktari aandike, huyo anaruhusiwa na kipato chake hakiguswi. Matengenezo kwenye jengo letu ni ya kusukumana, lifti ikigoma wa ghorofa za juu wanafungiwa kama kuku, na paking ya wageni Jumapili usiulize. Natoa nyota 4.

Msije mkachanganya na majengo ya nafuu yaliyojengwa kwa msamaha wa kodi ya mapato, ule mpango wa 1986. Nayo mengi ni ya mashirika haya haya na bango la nje linafanana, ila humo kodi ya nyumba inapangwa kwa kipato cha eneo zima, mzee akipungukiwa haishuki. Kabla ya kusaini ulizeni ofisini, kodi inafuata kipato cha mzee au imeshapangwa?