Miwani nzuri, ila mwanangu hataki kuivaa

Wadau naomba niwape mrejesho wa duka la miwani nililompeleka binti yangu, liko Kariakoo, jina silitaji maana mwenye duka tumeongea nae na kashaomba radhi, ila ninachosema kinawahusu wote wanaouza miwani mjini hapa.

Binti yangu ana miaka 9, ana ualbino. Wenye watoto kama wake mnaelewa, macho yanachezacheza, jua likiwaka anayafumba kabisa, ubaoni haoni mpaka akae dawati la mbele na hata hapo anainamia daftari mpaka pua inagusa. Miwani haitibu hayo yote, jicho lenyewe halikukua kama letu tokea tumboni, ila inasaidia sana hasa ile ya lenzi zinazoingia giza ukitoka juani. Kwenye kazi yenyewe sina neno. Walimpima taratibu karibu saa nzima, hawakumkimbiza, fremu ikamkaa vizuri puani, nikalipa 180,000, wakasema siku tatu na siku ya tatu kweli ikawa tayari. Hapo nyota tano nawapa bila kinyongo.

Sasa siku ya kuchukua. Duka limejaa watu, kijana wa kaunta anampazia sauti mwenzie wa ndani, "niletee ile miwani ya zeruzeru". Jina la mtoto liko kwenye risiti, yani kaishika mkononi. Watu wakageuka, mama mmoja akacheka, binti yangu akanivuta gauni akasema mama twende. Nikamwambia yule kijana huyu ana jina, akanijibu dada mbona unakasirika si ndo Kiswahili chenyewe, na kwa alivyonitazama naamini hakua na nia mbaya hata kidogo, na hapo ndo ninapoumia zaidi.

Maana mimi nimekulia Mwanza. Ile miaka ya 2007 na 2008 kanda ya ziwa watu wenye ualbino walikua wanauawa na kukatwa viungo, waganga wanawadanganya watu kwamba ni utajiri, na mtu mwenye ualbino akipita mtaani unasikia "dili hilo linapita". Dili! Mtu na akili zake, anatoka sokoni na kapu lake, anaitwa dili. Na kabla ya hapo wengi tulikua tunaambiwa tokea watoto kwamba zeruzeru hafi, anapotea tu. Sasa kama hafi basi sio mtu, na kama sio mtu aliyemkata panga kamkosea nani? Ndo maana mtu akiniambia ni neno tu la kawaida namshangaa sana.

Nilivyolisema hili kwenye grupu la wazazi wa darasani kwao, mmoja akatuma stika ya kucheka, mwingine akauliza mbona viziwi wanaitwa viziwi na hawalalamiki. Ni kweli, chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, jina wanalitumia wenyewe, ila hebu muite mmoja wao bubu uone. Wenye ualbino nao walishasema zamani wanataka waitwe watu wenye ualbino, kazi yetu ni kusikia tu. Na sio kwamba tunashindwa, Lindi Mjini mwaka 2010 walimpigia kura Salum Bar'wani akaenda bungeni, ana ualbino na walimuona mtu. Baadae wazazi wawili wakanitafuta pembeni, mmoja akaniambia mdogo wake aliacha shule darasa la tano kwa sababu ya hilo hilo neno, na yeye mzazi jambo hilo hajawahi kulisema mbele ya watu.

Miwani sasa iko kabatini wiki ya tatu. Nikimwambia avae ananijibu "hiyo ya zeruzeru". Mwalimu wake kanipigia kuniuliza mbona karudi kuinamia daftari, nikakosa hata cha kumjibu.

Mwenye duka anasema kakaa na vijana wake wote kawaeleza, na kaomba nimrudishe mtoto achague fremu nyingine bure. Jumamosi tunaenda, kashaniambia anataka ya zambarau. Nyota za huduma nitaweka tukitoka huko, nikishasikia wamemuitaje.